Mshonaji Aliyepanda Ngazi Kinyumenyume

Yule mshonaji mwenye chumba chake nyuma ya duka la vyombo, watu walimwita Bi Pindo, kwa sababu nguo ikiingia mikononi mwake haitoki mpaka pindo limekaa kama limezaliwa na nguo. Mteja akisema limetosha, Bi Pindo hulifumua palepale mbele ya macho yake. "Limekutosha wewe," husema, "mimi halijanitosha." Alikuwa hivyo tangu usichana wake na akazeeka hivyohivyo. Marehemu kaka yake alizoea kusema kwamba dada yake akigombana na ukuta, ukuta ndio utakaohama.

Huyu Bi Pindo alikaa miaka arobaini na mmoja bila kusema na wifi yake, mke wa huyo kaka. Hawakugombea mali, wala hakuna aliyemtukana mwenzake. Walikosana kwa ajili ya ngazi.

Zamani hizo wifi alikuwa mwanamke kijana, mzuri wa sura, sauti yake ikisikika mpaka uani bila yeye kuipandisha, na alikuwa akiigiza michezo ya jukwaani. Akatokea bwana mmoja mwembamba mwenye miwani minene, wakamwita Bwana Miwani, akasema anataka kutengeneza picha ya kutisha. Watu wakacheka. Picha za kutisha walizozijua ziliigizwa na watu wasiowajua, wenye ngome na makaburi ya mawe. Nani atamwogopa mzimu ambaye asubuhi amekutana naye akinunua mkate? Bwana Miwani hakucheka. Alikuwa na kamera ya kuazima, taa nne, nyumba kuukuu ya ghorofa moja ambayo mwenyewe alikuwa safarini, na filamu kidogo sana, kiasi kwamba tukio likiharibika limeharibika, hakuna kurudia.

Wifi akapewa kuwa mzimu. Bi Pindo akaitwa kushona.

Alishona gauni refu la pamba, akalichovya kwenye maji ya chai siku mbili likawa na rangi ya meno ya mzee. Kisha ndani ya pindo akashonea nati ndogondogo za baiskeli, moja moja, ili gauni lining'inie zito na lisicheze ovyo na upepo. Bwana Miwani alipolishika akasema, "Mama, hili gauni peke yake linatosha kuniharibia usingizi." Bi Pindo akamwambia asimwite mama, hawajapishana ila miaka miwili.

Ikafika siku ya ngazi. Wifi alikuwa na mimba ya miezi mitatu, na asubuhi ile alikwisha tapika mara mbili kwenye ndoo ya rangi. Bwana Miwani akaeleza anachotaka: mzimu apande ngazi kinyumenyume, kamera ikiwa chini, uso wake ukiitazama kamera, asishike ukuta, asigeuke. Ngazi yenyewe ilikuwa ya zege tupu, vipandio kumi na tisa, bila kizuizi pembeni. Wifi akakaa kwenye kipandio cha kwanza.

"Wifi, mimi siwezi," akasema. "Nikianguka, mtoto huyu simpati tena."

Bi Pindo akaitazama ngazi mpaka juu. Alivua viatu, akaingia nyuma ya pazia, akatoka na gauni. Alikuwa mfupi kuliko wifi, kwa hiyo akalikunja kwa pini kiunoni. Wakamvika zile nywele za bandia zilizofunika uso mpaka kidevuni, na mtandio juu ya mabega.

"Kwa nini nipande kinyumenyume?" akamwuliza Bwana Miwani. "Huyo mzimu hana njia ya kupanda kama watu?"

"Wewe panda tu. Kisha ukifika katikati, uache mtandio uanguke. Usiutazame."

"Na nikianguka mimi?"

"Anguka vizuri. Filamu ya mara ya pili hatuna."

Mafundi wakacheka, naye akapanda. Kisigino kilitangulia kupapasa, kikapata ukingo wa kipandio, ndipo mguu ukafuata, halafu wa pili. Gauni lilikuwa zito, likamvuta kurudi chini. Katikati akalegeza bega, mtandio ukaenda zake. Akaendelea. Alipofika juu mgongo wake ukagonga ukuta, akakaa chini kama mzigo. Chini wifi alikuwa analia. Akapanda taratibu akishika ukuta, na alipomfikia alimshika mikono yote miwili. "Huyu mtoto ni wangu na wako," akasema. Bi Pindo akamwambia aache kulia, atalowesha gauni.

Miezi ikapita. Mtoto akazaliwa, msichana. Picha ikamalizika, ikaonyeshwa kwenye jumba la sinema, watu wakajaa mpaka kwenye njia za katikati. Bi Pindo alikaa mstari wa nne amevaa vizuri, mkoba magotini, akisubiri kujiona akipanda.

Hakujiona. Alichokiona ni mzimu unashuka.

Ulishuka ngazi ileile, umevaa gauni lilelile, uso mbele, polepole, na mguu wake ulivyogusa chini haukuwa mguu wa mtu aliye hai. Huwezi kueleza kasoro iko wapi, lakini mwili unaijua. Pindo likawa linatangulia pale ambapo lingepaswa kufuata. Katikati ya ngazi palikuwa na mtandio umelala. Mzimu haukuinama. Mtandio wenyewe uliinuka, ukapanda hewani, ukamkalia mabegani kama ndege aliyerudi kiotani.

Jumba likavunjika. Watu walirukia viti, mwanamume mmoja mnene aliacha kiatu, na muuza tiketi, ambaye alikwisha iona mara tatu mchana ule, naye alitoka mbio. Bi Pindo alibaki amekaa. Hakuogopa hata kidogo. Alikuwa anafikiri, na kadiri alivyofikiri ndivyo kichwa kilivyozidi kumchanganyikia. Mimi nilipanda, huyu anashuka. Mimi niliangusha mtandio, huyu ameuchukua bila mkono. Basi huyu si mimi. Kama si mimi, ni nani? Gauni lile lilikuwa moja, na waliolivaa walikuwa wawili.

Akajibu mwenyewe. Wametupa ya kwangu, wamemrudisha wifi, akashuka. Kumbe ngazi aliiweza. Kumbe ile mimba ilikuwa kisingizio tu, au walitazama nilivyopanda wakanicheka, wakanifichia.

Nje, penye taa, alimkuta wifi na mtoto begani, bado anatetemeka.

"Ulishuka lini?" akamwuliza.

"Nilishuka wapi?"

"Ngazi."

Wifi akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Wifi, yule si wewe?"

Kicheko kile ndicho kilichomaliza mambo. Bi Pindo aliona anavikwa kilemba cha ukoka mbele za watu. Akaaga kwa kichwa, akaenda nyumbani kwa miguu. Hakurudi kwenye picha ile, na kwa wifi hakutia mguu. Kaka yake alijaribu kuwapatanisha akachoka. Siku ya maziko yake wanawake hao wawili walikaa vyumba viwili, wageni wakawa wanapita mlango hadi mlango kutoa pole mara mbili.

Kumwuliza Bwana Miwani hakukubali. Kumwuliza ni kumwonyesha kwamba imemuuma. Na huyo bwana naye alikuwa msiri. Waandishi wa magazeti walipotaka kujua mtandio uliinukaje, aliwajibu, "Mwulizeni mzimu." Hakuwaambia hata mafundi wake, kwa maana kazi ya kukata na kuunga filamu aliifanya mwenyewe, mlango umefungwa. Baada ya miaka mitatu mapafu yakamshinda, akafa na siri yake.

Lakini picha haikufa. Ilizunguka majumba yote, ikaingia kwenye kanda, kutoka kanda ikaingia kwenye simu. Watu wazima walikataa kwenda chooni kama choo kiko ghorofani. Mama akitaka mtoto anyamaze alisema, "Anashuka yule," na mtoto ananyamaza. Vijana waliiga mwendo ule barabarani wakashindwa, wote wakaonekana walevi. Wasomi wakaiandikia vitabu: ngazi ni nini, mtandio ni nini, mwanamke yule anawakilisha nini. Mmoja alikuja mpaka kwa Bi Pindo akamwuliza gauni linawakilisha nini. "Linawakilisha yadi sita," akajibiwa.

Na kila baada ya muda alitokea mtu wa kumwambia, "Bi Pindo, tumesikia mzimu ni wewe." Alikuwa akijua maneno yametoka wapi. Mara moja, anapiga pasi, alimsikia wifi kwa masikio yake redioni: "Wa ngazini si mimi. Ni wifi yangu, mshonaji." Alizima redio, akaunguza kola ya shati la mtu. Mwaka hadi mwaka ananidhihaki, akasema moyoni, wala hachoki.

Basi mwaka huu, siku ya Jumatano, aligongewa mlango na mtoto wa kaka yake, yuleyule msichana wa tumboni, sasa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, nesi, mwenye unene wa heshima.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kama umeleta salamu za mama yako, ziache hapo nje."

"Sina salamu. Nina habari." Akakaa juu ya marobota bila kukaribishwa. "Filamu ya asili imepatikana, kwenye stoo ya jumba la sinema la zamani. Wanaisafisha, wataionyesha Jumamosi. Wanamtaka mama akae mbele. Mama anasema bila wifi yake hatoki kitandani."

"Aende. Yeye ndiye aliyeshuka."

"Shangazi, mama anaondoka. Nakuambia kama nesi, si kama mtoto. Moyo wake umechoka, na kitu anachokitaja kutwa ni wewe. Kufika mwezi ujao sijui."

Bi Pindo akavuta uzi, akaukata kwa meno. Uzi ulikuwa mfupi mno, na mpwa wake aliona, lakini akageuza maneno. Alisema, "Isitoshe, rangi za ile filamu zimefifia zote, imebaki wekundu mtupu. Fundi wao hajui gauni lilikuwa rangi gani. Wameamua kulifanya jeupe."

"Jeupe?"

"Jeupe pee."

"Jeupe la wapi? La arusi?" Bi Pindo alikuwa amekwisha simama. "Siku mbili nimelichovya lile gauni. Leta viatu vyangu. Nakwenda kwa ajili ya gauni, usije ukaenda kusema mengine."

Chumba cha fundi wa filamu kilikuwa baridi na kilinuka siki. Filamu kuukuu hunuka hivyo, fundi akaeleza. Alikuwa mtu mnene mwenye glavu nyeupe, na mbele yake palikuwa na meza yenye sahani mbili kubwa za kuzungusha filamu na kioo kidogo katikati. Alimpa Bi Pindo kiti, akamwita bibi, akavuta mpini wa meza kuelekea kulia, picha ikaanza kwenda.

"Lile si jeupe," Bi Pindo akasema. "Andika, chai. Chai ya rangi, iliyopoa. Na usilifanye jepesi, kuna nati ndani ya pindo."

"Nati?"

"Za baiskeli. Thelathini na mbili."

Fundi akaandika. Mzimu ukashuka, mtandio ukainuka, Bi Pindo akatazama taya zimekaza. Alikuja kutazama gauni, akatazama gauni.

"Basi, bibi, nimekuelewa," fundi akasema. "Ngoja niirudishe mwanzo." Akausukuma mpini kushoto.

Sahani zikazunguka upande mwingine. Na kwenye kioo kidogo mwanamke mfupi mwenye gauni zito alianza kupanda ngazi kinyumenyume, kisigino kikipapasa ukingo, mguu ukifuata. Katikati akalegeza bega. Mtandio ukaanguka kama vinavyoanguka vitu vyote.

"Ngoja," Bi Pindo akasema.

Fundi akasimamisha.

"Huyo umemtoa wapi?"

"Yupi, bibi? Ni huyuhuyu. Ninairudisha tu."

"Hapana. Wa kwanza ni wifi yangu. Huyu ni mimi."

Fundi akamtazama, akamtazama nesi, nesi akainua mabega. Akavuta mpini kulia: akashuka. Akausukuma kushoto: akapanda. Kulia, kushoto. Mara ya nne alivua glavu akajifuta uso.

"Wiki nzima nimetafuta kamba," akasema polepole. "Nilijua mtandio ulivutwa kwa kamba. Nimekagua kipande kwa kipande kwa lenzi. Bibi, ulipanda hivi siku ile?"

"Nilipanda hivi."

"Basi waliigeuza. Walikupiga unapanda, kisha mwisho wakaufanya mwanzo."

"Sema tena."

Akasema tena, mara tatu, mara ya mwisho akitumia kamba ya kiatu chake. Bi Pindo aliisikiliza ile kamba kwa makini.

"Kwa hiyo nilipanda au nilishuka?"

"Ulipanda. Lakini watu walikuona unashuka."

"Waliniona mimi?"

"Wewe."

"Na sikushuka."

"Hukushuka."

"Basi yule aliyeshuka wakamkimbia ni nani?"

Fundi akavaa glavu zake tena. Alikuwa mtu wa kazi, hakusomea mambo hayo.

Bi Pindo akashika njia ya kwa wifi, mpwa wake nyuma. Hasira ya miaka arobaini na mmoja ilikuwa bado iko kifuani, nzima, imetunzwa vizuri, na sasa hakujua aipeleke wapi. Akaielekeza kwa Bwana Miwani, lakini maiti hakasirikiwi sana. Akaielekeza kwa wifi: mbona hakung'ang'ania? Akakumbuka redio. Iliyobaki ilimwelekea yeye mwenyewe, na upande huo hakuwa na mazoea nao. Mara moja tu alimgeukia mpwa wake. "Wewe ulikuwa tumboni kweli siku ile," akasema, kama anamlaumu.

"Ndivyo nilivyoambiwa, shangazi."

Wifi alikuwa amelala karibu na dirisha, mito mitatu mgongoni, amekonda, macho bado yaleyale ya jukwaani.

"Nani huyo mlangoni?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Usijitie hamnazo. Mimi."

Wifi akageuza kichwa kutoka dirishani. "Umekuja kunitukana au kunizika?"

"Nimetoka kutazama picha. Yule ni mimi."

"Nilikuambia hivyo huyu hajaota jino."

"Uliniambia unacheka."

"Nilicheka kwa woga. Nilijua mimi sikushuka. Nikasema lazima ni wewe. Lakini wewe ulipanda, nilikuona kwa macho yangu haya nikilia. Nikasema basi mlirudi kule bila mimi, wewe na Bwana Miwani, mkapiga nyingine, hamkuniambia. Na mimi iliniuma, wifi. Nilipoona umeninunia nikajua ni haya ya kunificha."

Bi Pindo akashika kizingiti cha mlango. "Wewe nawe hukujua?"

"Ningejuaje? Mpaka leo sijui. Ulishukaje?"

"Sikushuka. Nilipanda. Wakageuza."

"Wakageuza ngazi?"

"Filamu. Mwisho ukawa mwanzo." Akatazama miguu yake akitafuta kamba ya kiatu, viatu vyake havikuwa na kamba. "Kuna fundi ataeleza. Mimi nimeelewa kwa muda mfupi tu pale, sasa imetoka."

"Jumamosi utakwenda?"

"Nitakwenda. Ila wakipiga makofi nasimama mimi."

"Simama. Mimi hata nikitaka siwezi." Wifi akajivuta kidogo juu ya mito. "Hebu nionyeshe ulivyopanda. Labda nikiona tena nitaelewa."

"Hapa hakuna ngazi."

"Fanya bila ngazi."

Bi Pindo akatazama chumba. Akavua viatu, akageuka, akaukabili mlango alioingilia, mgongo kwa wifi. Mpwa wake akanyoosha mkono amshike. "Usinishike," akaambiwa. Akaanza. Kisigino kikapapasa sakafu, mguu ukafuata. Kikagonga mguu wa stuli, kikauzunguka. Nyuma yake alisikia wifi anaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikarudi kuwa kicheko. Hakugeuka. Akaenda vilevile, polepole, mpaka magoti yake yalipogusa kitanda kwa nyuma, yakakunjika, akajikuta amekaa karibu na miguu ya wifi.

"Haya," akasema, akihema. "Nimefika."

Wifi akafuta machozi kwa ncha ya shuka. Alifikiri kidogo, uso umekunjamana.

"Sasa hii nayo wakiigeuza," akasema, "si itaonekana unaondoka?"

Bi Pindo akautazama mlango, akahesabu kwa vidole, mwisho, mwanzo, akarudia.

"Basi wasiiguse," akasema, na akapandisha miguu kitandani.